Zege Nililomwaga Nkoma

Siku ya kuniaga, vijana wa idara ya ujenzi waliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Nadhani waliniomba kwa sababu keki ilikuwa imechelewa na ilibidi mtu aseme kitu. Wao wameshasahau, lakini mimi sina tena kazi ya kunisahaulisha. Basi nimekaa kibarazani hapa Somanda, bodaboda zinapita na wagonjwa wa kwenda hospitali, nami naandika. Habari za vyeo na mishahara nimeziruka. Si kwa unyenyekevu, ni kwa sababu hazijazi ukurasa.

Nilianza kazi nikiwa kijana mwembamba mwenye cheti cha uashi na viatu vya kuazima. Nilikabidhiwa kwa Mzee Bundala, fundi mkuu wa ujenzi wilayani, mtu mfupi, mpole wa sauti, asiyependa kabisa kusifiwa wala kusifu. Alikitazama cheti changu mbele na nyuma, akanirudishia, akanipa karai.

"Hicho kaweke kwa mama yako," alisema. "Hili ndilo utakalokuja nalo kesho."

Nilibeba karai hilo muda mrefu kuliko nilivyosoma chuo. Nilibeba kokoto, nikabeba mchanga, nikabeba maji ya kisima wakati wenzangu wa chuo wakiandika barua nyumbani kwamba ni mafundi. Mwiko alinipa siku aliyoona nimeacha kuutazama. Mkononi mwake timazi, ule uzi wenye kipande cha chuma wa kupimia ukuta, ilikuwa haiyumbi, ikining'inia pale imetulia mpaka ukuta wenyewe unaona aibu. Mkononi mwangu ilicheza ngoma. Alisema nivute pumzi kwanza, ukuta hauendi popote.

Alikuwa na kanuni mbili, nanyi mzishike. Ya kwanza: zege halina samahani. Ukuta hubomolewa, plasta hubanduliwa, lakini zege likishakaa hata ulipigie magoti halisikii. Ya pili: ukifika mahali pa kujenga na unataka kujua ardhi ile ina siri gani, usimwulize mwalimu mkuu wala mwenyekiti, mwulize anayefagia. Anayefagia ndiye anayejua maji yanasimama wapi, nyoka anatokea wapi na ufa ulianza lini. Kwa kanuni hii tulijenga vyoo vya shule visivyozama na makalavati yasiyochukuliwa na mvua. Imenisaidia miaka yote ya kazi, isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Miaka ile ya kwanza saruji ilikuwa haipatikani bila kibali, na kibali kilikuwa hakipatikani. Mzee Bundala alilala na mifuko yetu chumbani kwake, mkewe akahamia kwa watoto. Halafu ikaja ruksa ya kila mtu kuagiza na kuuza atakacho. Maduka yakajaa saruji, mabati, rangi, na misumari ya kila urefu. Tulifurahi sana, mpaka tulipoambiwa kwamba halmashauri haina fedha ya kununua hivyo vyote. Zamani tulikuwa na kazi bila saruji, sasa saruji ilikuwepo na kazi ikawa haipo. Ndipo wakaja watu wa kupunguza wafanyakazi. Walimpunguza Mzee Bundala, wakaniacha mimi. Niliona aibu kumtazama. Yeye alikusanya miko yake, akaifunga kwenye gunia, akasema bora kuwa fundi bila ofisi kuliko ofisi bila fundi, akaenda zake kunywa uji.

Basi katika miaka hiyo ya soko huria alinijia mtu aitwaye Masunga, wa Nkoma. Masunga alikuwa mnunuzi binafsi wa pamba, wa kwanza pale kwao. Alikuwa na lori, alikuwa na suti, na alikuwa na mizani ambayo watu wa Nkoma walikuwa na maoni nayo. Alitaka kumjengea kaburi babu yake, Mzee Gamaya, aliyepigana ile vita ya kwanza, vita ya Mjerumani.

"Nataka kaburi la zege," aliniambia. "Lenye jina. Katibu Tarafa atakuja. Watu wajue kwetu kulitoka askari."

Nilimwelewa. Mtu ambaye mizani yake inasemwa vibaya, si vibaya akiwa na babu shujaa. Nikachukua likizo, nikamchukua na Mzee Bundala, ambaye nilimwambia yeye ndiye mkubwa wa kazi na mimi ni wa kubeba karai. Hakukataa.

Habari za Mzee Gamaya tulizipata kwa kipande kipande. Alichukuliwa kijana na Mjerumani kubeba mizigo, baadaye akapewa bunduki, na mwishowe akarudishwa na Mwingereza. Alirudi na blanketi, kikombe cha bati na mguu mmoja usiokunjika. Alilima pamba na kufuga, akafa mzee Uhuru ukiwa bado mchanga. Ng'ombe wake aliwaamrisha kwa Kijerumani, na inasemekana walimtii kuliko watoto.

Makaburi ya Nkoma yako mteremkoni, nyuma ya mashamba ya pamba, yamezungukwa na ua wa minyaa. Makaburi yenyewe ni marundo ya mawe. Masunga alitupeleka moja kwa moja kwenye rundo lililokuwa katikati, mahali pa heshima.

"Ni hili," alisema.

"Umejuaje?" Mzee Bundala akauliza.

"Bibi alikuwa akilifagia. Toka nikiwa mtoto namwona. Kila alfajiri ya Jumamosi anakuja na ufagio wake, anafagia hapa, anakaa, analia kidogo, anaondoka. Amefagia mpaka amekufa."

Mzee Bundala akanitazama, nami nikamtazama. Anayefagia amesema. Hata hivyo tuliwauliza wazee wawili wa ukoo waliokuja kutusimamia, nikamwuliza yule mkubwa, Mzee Njile, kama hili ndilo kaburi la Mzee Gamaya.

"Hapo ndipo baba zetu walipomzika," alijibu, akatazama mawingu.

Jibu gani tena mtu atataka? Tukapigilia vigingi, tukavuta uzi. Kaburi si kazi kubwa lakini halina pa kuficha kosa, kwa sababu watu watakaa mbele yake msiba mzima wakilitazama. Tulijenga msingi wa mawe, tukapandisha tofali za kuchoma, tukashindilia kifusi kwa maji, tukasuka nondo na kumwaga zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mzee Bundala alipiga niru, ule uji wa saruji wa kulainisha uso, kwa mkono wake, na lilipoanza kushika nikaandika jina kwa msumari wa inchi nne: MZEE GAMAYA, ASKARI WA VITA YA KWANZA. Herufi zilikaa sawa. Tukalifunika magunia ya pamba yaliyolowekwa, tukawa tunalimwagilia asubuhi na jioni. Lilikuwa zege zuri. Nasema hivyo mimi, kwa kuwa Mzee Bundala hakusema.

Siku moja kabla ya sherehe akafika binti wa marehemu, Minza, shangazi yake Masunga, ambaye kwa heshima tulimwita Mayu, yaani mama. Alikuwa ameolewa Kiloleli, akaja juu ya lori la pamba, mama aliyekwisha kuingia uzeeni, mrefu, amejifunga khanga mbili. Alitukuta tunamwagilia.

"Mwangaluka, mafundi," alitusalimu Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mhola?" akatuuliza hali.

"Mhola, mayu."

Alilizunguka kaburi polepole, akalipapasa ukingo. "Mmejenga vizuri."

"Wabeja, mayu," nikamshukuru.

"Humu ndani mmemweka nani?"

Nilidhani ananitania. Nikamwambia tumemjengea Mzee Gamaya, baba yake.

"Baba yangu yuko kule," alisema. Hakunyosha kidole, kaburi halinyoshewi kidole. Alielekeza kwa kidevu tu, pembeni kabisa, chini ya minyaa, mahali ambapo mimi nilikuwa nimerundika kokoto zilizobaki. Ukiondoa kokoto zangu, palikuwa tambarare, pana majani, hapana hata jiwe moja.

Mzee Bundala aligeuza karai, akalikalia. Mayu Minza naye akakaa chini, akatueleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani.

Baba yake alipochukuliwa vitani alikuwa ameoa karibuni. Hawakupata habari zake tena. Waliochukuliwa pamoja naye wakarudi, wengine wakasema wamemwona amekufa njiani. Ukoo ule una desturi yake: mtu akifia mbali, haachwi bila kaburi. Wakachukua mpini wa jembe lake, wakaufunga kwa ngozi ya kondoo mweusi, wakauzika pale katikati kwa heshima zote. Mke akanyolewa, msiba ukakaliwa, ukaisha. Halafu siku moja Gamaya akatokea barabarani anachechemea, na kikombe chake cha bati.

"Hawakumpitisha mlangoni," alisema Mayu Minza. "Aliyezikwa hapiti mlangoni. Walibomoa ukuta wa nyuma, wakamwingiza kwenye tundu kama mtoto anayezaliwa. Wakamnyoa, wakamlisha uji. Akaishi. Akatuzaa sisi. Alikuwa anakuja hapa kukaa juu ya kaburi lake anavuta tumbaku. Akasema kwenye ukoo huu yeye peke yake ndiye anajua analala wapi."

"Na alipokufa kweli?" nikauliza.

"Ndiyo shida sasa. Wazee wakasema mtu haliliwi mara mbili. Msiba wake ulishakaliwa. Mkilia tena, kifo kitadhani mmekiita, kitachukua mwingine. Kaburi la kwanza halifunguliwi, lilishakula. Wakamweka kule kando, bila mawe, bila kilio. Wakatuambia tusipataje kamwe mahali pale. Nilikuja toka Kiloleli na mtoto mgongoni, nikakuta watu wanapalilia pamba. Nikapewa jembe nikapalilia."

Aliupapasa tena ukingo wa zege.

"Mayu wangu angelia wapi? Hapa tu ndipo alipoachiwa. Akawa anafagia hapa, anatazama kule."

Nimefanya kazi ya kujenga maisha yangu yote, na siku ile niliona nimejenga kitu kizuri sana juu ya mpini wa jembe. Lakini mpini haukuniuma. Kilichoniuma ni zile kokoto. Niliinuka, nikachukua karai, nikaanza kuzihamisha kutoka pale chini ya minyaa, na Mzee Bundala akaja kunisaidia bila kuambiwa.

Masunga alipoletwa aliweka mikono kiunoni. "Shangazi, kadi zimeshatoka. Katibu Tarafa anakuja kesho. Ng'ombe ameshachinjwa. Nitawaambia watu nini, kwamba nimemjengea jembe?"

"Mpini," Mzee Bundala akasahihisha.

Wazee wakaitwa. Mzee Njile alisema hakudanganya, aliulizwa baba zake walizika wapi akajibu walizika wapi. Kuhusu kule kando hawezi kusema kitu, kwa sababu kule kando hakuna msiba. Mtu haliliwi mara mbili. Kama Minza anataka kuita kifo, akakiitie Kiloleli kwa mume wake.

"Baba mdogo," Mayu Minza akamwambia, "mimi nataka kumlilia baba yangu tu. Hata mara moja sijamlilia."

"Ameshaliliwa."

"Na watu wengine, mimi nikiwa sijazaliwa."

Mayu Minza akasema basi, yeye hana neno. Vijana, mkiwa kazini mkasikia mama wa Kisukuma anasema hana neno, shukeni upesi kwenye jukwaa la kujengea.

Asubuhi ya sherehe turubai lilifungwa, kipaza sauti kikaunganishwa na betri ya lori, na wanawake wakawa wanapika wali nyuma ya ua. Katibu Tarafa alikuja, mzaliwa wa huku huku, mtu mwenye kofia nzuri. Alihutubia akiwa amesimama mbele ya zege letu. Alisema Mzee Gamaya alikuwa shujaa aliyeipigania nchi yake.

"Ipi?" Mzee Bundala akauliza, kwa sauti ya kutosha mimi tu.

Masunga alikuwa ameshika shada la maua ya karatasi, anatoka jasho ndani ya suti. Alikuwa anatazama miguu yake. Sikumchukia. Alitaka babu, na babu alikuwa hatua chache kutoka pale, naye hakuthubutu kugeuza shingo.

Ndipo tukasikia kilio. Kilitoka kule pembeni chini ya minyaa, sauti moja tu, ndefu, ile ya mwanamke anayetangaza kwamba mtu amekata roho sasa hivi. Si kilio cha kumbukumbu, wala si cha kuigiza. Kila aliyekulia huku anakijua, na mwili hukijua kabla ya kichwa. Mayu Minza alikuwa amepiga magoti kwenye yale majani, mikono kichwani, anamwita baba yake.

Kilio cha namna hiyo hakiachwi peke yake. Mwanamke anayekisikia huweka chini alichoshika na kukiitikia, hata kama hajui aliyekufa ni nani. Mmoja wa waliokuwa wanapika akaitikia. Akatoka na wa pili, na wa tatu, mwiko wa wali bado mkononi. Wakapita kati ya viti, mbele ya Katibu Tarafa, wakaenda. Wale waliovaa vizuri waliokaa mbele wakafungua vilemba na kujifunga viunoni, wakawafuata. Tulianza kusikia harufu ya wali unaungua, na hakuna aliyegeuka.

Katibu Tarafa alikatiza hotuba. Akavua kofia, kwa sababu naye alikuwa na mama. Akasahau kwamba kipaza sauti kiko mdomoni.

"Nani amefariki?" akauliza, na swali likasikika mpaka mashambani.

Wanaume tukatazamana. Niliona mama yule atalia mpaka achoke, halafu ataambiwa tena kwamba hakuna aliyekufa.

Mzee Njile alikuwa amekaa na fimbo katikati ya magoti. Aliinama, akaikamata vizuri, akasimama kwa shida.

"Gamaya," alisema.

Akaanza kwenda. Kila mwanamume akamfuata, na Katibu Tarafa na kofia yake mkononi. Mzee Njile alipopita mahali penye mawe mle mteremkoni aliokota jiwe, akalibeba kifuani, akaliweka pale chini ya minyaa kama mtu aliyezika asubuhi hiyo. Kila mmoja akafanya hivyo. Mzee Bundala alichagua lake kwa makini, akaligeuza kutafuta uso wake, akaliweka sawasawa. Masunga alikuja wa mwisho. Alibeba jiwe kubwa kuliko uwezo wake, suti ikachanika begani, akalitua na kukaa chini karibu na shangazi yake, akalia kama mtoto. Mimi pia nililia. Sikumjua mzee yule wala ng'ombe wake, lakini nililia.

Wazee walisubiri mwaka mzima waone nani atachukuliwa kwa ajili ya kilio hicho. Katika ukoo ule hakufa mtu, ila jogoo mmoja aliyekanyagwa na lori la Masunga, na jambo hilo lilijadiliwa sana. Watu bado wana maoni kuhusu mizani yake, lakini msimu ule walimpelekea pamba.

Kwa hiyo nawaambia, kanuni ya Mzee Bundala bado ni njema. Mwulizeni anayefagia, ila mtazameni pia macho yake yanaelekea wapi. Mzee Bundala mwenyewe aliikubali nyongeza hiyo kabla hajafariki, ingawa alisema ningeifupisha.

Limebaki la jioni ya siku ile. Watu walipotawanyika nilichukua nyundo kubwa, nikamfuata Mayu Minza. Nilimwambia lile zege bado changa, nikilipiga sasa litavunjika, nami nitamjengea baba yake lingine kule aliko kwa nguvu zangu. Nilisema hivyo kwa moyo wote, ingawa fundi yeyote ataelewa kwamba nilikuwa nimeanza kuumwa mikono kabla ya kuinua nyundo.

Alikuwa amekauka sauti. Aliyatazama yale mawe kwanza, rundo kubwa kuliko yote pale makaburini.

"Baba yangu yamemtosha haya," alisema. "Na lile liache."

"Lina jina lake, mayu, na ndani hakuna mtu."

"Mayu alilia pale mpaka akafa. Usinivunjie mahali alipolia mama yangu."

Nikarudisha nyundo kwenye gunia. Halafu nikachukua ndoo, nikaenda kulimwagilia. Zege changa lazima limwagiliwe, awepo mtu chini au asiwepo.